Umejuaje? Nilivyokosea, kisha nikajifunza, kufundisha uhakiki wa habari katika maktaba ya shule

Ilikuwa saa nne usiku, mwishoni mwa Mei 2023, nilipoituma ile barua kwenye grupu la WhatsApp la wazazi. Nilikuwa nimetumiwa na mwalimu mwenzangu wa shule ya jirani, naye alitumiwa na mtu anayemwamini. Ilikuwa picha ya barua yenye nembo ya serikali, saini na muhuri uliofifia, ikielekeza kwamba likizo ya Juni itaanza mapema na shule za bweni zianze kuwaruhusu wanafunzi kesho yake. Niliisoma mara moja tu. Nikaandika chini yake, "Wazazi wapendwa, tuzingatie," nikabonyeza, nikalala.

Asubuhi mlinzi alinifuata maktaba. Getini walikuwepo wazazi watatu. Wawili ni wa hapa hapa Tanga mjini, walikuja na bodaboda, hasara yao haikuwa kubwa. Wa tatu alikuwa mama mtu mzima aliyetoka Handeni na basi la alfajiri, nauli kaikopa kwenye kikoba, na shambani kaacha palizi katikati. Mkuu wa shule hakuwa na taarifa ya likizo yoyote. Alipiga simu ofisini wilayani akaambiwa kwamba barua hiyo ni halali kabisa, ila ni ya mwaka uliotangulia. Mtu fulani, huko ilikopitia, aliikata sehemu ya juu palipokuwa na kumbukumbu namba na tarehe.

Mimi ni mkutubi. Nimesomea ukutubi na utunzaji wa nyaraka Bagamoyo, kwenye chuo kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Kati ya mambo ya mwanzo kabisa tuliyofundishwa kuhusu barua ya serikali ni ile "Kumb. Na." ya juu: bila hiyo huwezi kuijua imetoka jalada gani, na huwezi kuitafuta ilikotoka. Nimewafundisha wasaidizi wangu jambo hilo miaka yote. Kisha ikanijia barua isiyo na kumbukumbu namba, nikaipeleka kwa wazazi zaidi ya mia moja.

Nilimrudishia yule mama nauli yake, ya kuja na ya kurudi. Alikataa mara mbili, ya tatu akapokea. Alichoniambia nimekibeba hadi leo: "Mwalimu, mimi barua hata sikuisoma. Niliona ni wewe umetuma."

Hapo ndipo yote ninayoyaeleza yalipoanzia. Naandika kwa ajili ya wakutubi wenzangu, na kwa ajili ya walimu wanaokabidhiwa ufunguo wa maktaba bila kuulizwa, kwa sababu makosa niliyoyafanya baadaye yanaepukika, na mojawapo liliwaumiza watoto.

Juni ile ile nilimwomba mkuu wa shule anipe kipindi kimoja kwa wiki na kidato cha pili. Alinipa Jumatano, kipindi cha mwisho, wanafunzi wakiwa wamechoka na wengine macho yao yako bwalo la chakula. Sikulalamika. Nilikuwa na bango langu tayari. Shirikisho la kimataifa la maktaba, IFLA, lina bango la hatua 8 za kutambua habari za uongo: angalia chanzo, soma zaidi ya kichwa cha habari, mtazame mwandishi, angalia tarehe, na kuendelea. Wakutubi wengi tumelelewa na orodha za namna hii. Iliyoenea sana ilitungwa mwaka 2004 na Sarah Blakeslee, mkutubi wa California State University, Chico, kule Marekani, nayo inamtaka msomaji aihoji habari kuhusu upya wake, mamlaka ya aliyeiandika, usahihi na kusudi. Nililitafsiri lile bango, nikalichapisha kwa rangi kwa fedha yangu, nikalibandika juu ya rafu ya kamusi.

Watoto walilikariri. Walizikariri zile hatua kama wanavyokariri sifa za viumbe hai, na nilipotoa jaribio la maandishi karibu wote walipata alama za juu. Nilifurahi sana. Niliyapeleka matokeo ofisini kwa mkuu wa shule kama mtu aliyemaliza kazi.

Wiki mbili baadaye, bweni la wasichana halikulala. Habari ilikuwa imeingia kwamba kuna Noah nyeusi inazunguka mjini ikiteka wanafunzi, na kwamba shule ya upande wa pili wa mji imeshapoteza wawili. Matroni alinipigia simu saa sita usiku. Nilipofika niliwakuta wasichana wamelundikana chumba kimoja, na waliokuwa wakiieleza habari hiyo kwa uhakika zaidi ni wale wale walioongoza kwenye jaribio langu. Nikamuuliza mmoja, hatua zetu 8 ziko wapi? Akanijibu kwa unyoofu kabisa: "Madam, nimezipitia. Ina jina la mtaa. Ina tarehe ya leo. Haina makosa ya tahajia."

Alikuwa sahihi. Alikuwa ameufanyia uhakiki ujumbe kwa kuutazama ujumbe wenyewe, kama nilivyomfundisha. Na mtu anayetunga uongo, kitu cha kwanza anachokipamba ni ujumbe wenyewe.

Usiku uliofuata nilinunua bando nikaanza kusoma wengine wanafanyaje. Kilichonisaidia zaidi ni utafiti wa Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Stanford, uliotoka mwaka 2017. Waliwachukua wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wahakiki wa habari 10 wanaoifanya kazi hiyo kwa mshahara, na wanafunzi 25 wa Stanford, wakawapa tovuti za kuzipima. Wanahistoria, watu wanaoishi kwa kupima nyaraka, mara nyingi walidanganyika pamoja na wanafunzi. Walikaa kwenye ukurasa wakiusoma kwa makini kutoka juu hadi chini, wakiitazama nembo, marejeo na mpangilio. Wahakiki hawakukaa. Waliuacha ukurasa upesi wakafungua kurasa nyingine kuuliza: hawa ni nani, na wengine wanasema nini juu yao? Waliyasoma machache kuliko wenzao, wakapatia zaidi.

Nilijiona mle. Ile barua ya likizo niliitazama nembo na muhuri, sikuondoka kwenye barua hata kwa dakika tano za kumpigia mkuu wa shule.

Kwa hiyo nikabadilisha somo. Lakini uhakiki wa aina hii unataka intaneti, na shuleni kwetu, kama ilivyo katika shule nyingi za sekondari nchini, mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu. Wenzangu wengi huishia hapo na kusema haiwezekani. Inawezekana. Kuondoka kwenye habari ukaenda kuuliza kwingine si lazima kuwe kwa simu. Nilianza na magazeti. Ofisi za serikali na maduka ya mjini hubaki na magazeti ya zamani yanayoishia kufungia maandazi. Niliomba nikapewa marundo. Kila kundi la wanafunzi wanne nililipa magazeti mawili tofauti ya tarehe moja, watafute tukio moja lililoandikwa kote, kisha wapige mstari pale magazeti hayo yanapotofautiana. Idadi ya majeruhi, cheo cha aliyehojiwa, nani katajwa kwanza, nini kimeachwa. Kipindi cha kwanza cha zoezi hilo kengele ililia na hakuna aliyeinuka.

Yalijitokeza mambo niliyodhani wanayajua. Wengi hawakujua kwamba tahariri si habari, kwamba ni maoni ya gazeti lenyewe. Wengi hawakutambua tangazo la kulipiwa lililopangwa kama makala. Na karibu wote walikuwa na mazoea ya vichwa vya habari, kwa sababu ndivyo tunavyoishi: asubuhi redio na televisheni zinatupitisha kwenye kurasa za mbele, tunapita kwa muuza magazeti tukisimama kusoma vilivyotundikwa, na kufikia saa nne tunabishana juu ya habari ambayo hatujasoma hata aya yake ya kwanza. Niliwapa kichwa cha habari peke yake, wakaandika wanachodhani kimetokea, kisha nikawapa habari nzima. Ukimya uliofuata sikuhitaji kuueleza.

Hadi hapo nilikuwa kwenye njia nzuri. Kosa kubwa lilikuwa mbele.

Januari 2024 nilipata kidato cha pili kipya, na kwa kuwa uongo unavutia kuufundisha, nikaugeuza muhula mzima kuwa maonyesho ya uongo. Kila Jumatano nilileta kitu kipya nilichokichapisha kutoka kwenye simu yangu: tangazo la ajira lenye nembo ya shirika linalomtaka mwombaji alipie fomu, kiungo cha matokeo ya mtihani kisicho cha Baraza la Mitihani, ujumbe wa zawadi unaotaka utumwe kwa watu kumi, picha ya mafuriko iliyosemwa ni ya mjini kwetu. Ile picha waliipenda mno. Mvulana mmoja aligundua kwamba magari yanakwenda upande wa kulia wa barabara. Mwingine akaona hakuna hata namba moja ya njano kama za magari binafsi ya kwetu. Walicheka, walishangilia, walikuja wengi. Nilidhani nafundisha uhakiki. Kumbe wiki baada ya wiki nilikuwa nawaambia jambo moja tu: kila kinacholetwa mbele yenu ni uongo.

Aprili ikaja kampeni ya chanjo ya HPV. Chanjo hii haikuwa ngeni. Ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na Aprili 2024 ikaja kwa utaratibu mpya wa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Inakinga dhidi ya virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayowapata wanawake wa Tanzania kuliko nyingine zote. Shangazi yangu aliondoka kwa ugonjwa huo. Siku wauguzi walipofika shuleni, wasichana kadhaa wa darasa langu walijifungia chooni.

Muuguzi aliwafuata kwa upole akiwa na barua ya utambulisho. Msichana mmoja, msomaji mkubwa, aliyekuwa akiazima vitabu vitatu kwa wiki, akamwambia: "Madam wa maktaba ametufundisha tusiamini kitu kwa sababu kina nembo na muhuri." Alichokiamini yeye ni ujumbe wa sauti aliousikia kwenye simu ya mama yake mdogo wakati wa likizo, wa mtu aliyejiita daktari, akisema chanjo hiyo inafunga kizazi.

Nisikilizeni hapa wenzangu, maana ndipo palipouma. Shaka niliyompa aliitumia yote kwa barua ya kweli. Haikumbakia hata kidogo ya kumhoji yule "daktari" asiye na jina, kwa sababu sauti ile ilitoka kwa mama yake mdogo, mtu anayempenda. Hakuwa mjinga wala mbishi. Alifanya kile kile yule mama wa Handeni alichokifanya na kile nilichokifanya mimi: alimwangalia aliyeleta.

Nilimwomba muuguzi aje maktaba, tukafunga mlango, tukakaa na wale wasichana karibu saa mbili. Sikuwaambia waamini. Niliwaomba waulize wanachotaka, na kila jibu alilotoa walimuuliza: umejuaje? Alieleza alikosomea, alieleza chanjo inafanya nini mwilini na nini haifanyi, alieleza maumivu ya mkono watakayoyasikia, na palipokuwa na swali asilolijua alisema atamuuliza mganga. Hilo la mwisho liliwageuza zaidi kuliko maelezo yote. Wengi walichanja. Wawili hawakuchanja hadi kampeni ikaondoka, na nimeshawaandikia wazazi wao mara mbili kuwaomba wawapeleke kituo cha afya. Sijui kama walikwenda.

Likizo ya Juni 2024 niliyatoa yale maonyesho yote ya uongo ukutani. Mwezi wa saba nikaanza upya, na mara hii nikaanza na habari za kweli.

Nilichukua habari moja fupi ya gazeti, ajali ya basi, nikawapa penseli za rangi. Bluu kwa kile mwandishi alichokiona mwenyewe. Kijani kwa alichoambiwa na mtu mwenye jina na cheo. Nyekundu kwa kisicho na mwenyewe, yale ya "inasemekana", "inadaiwa", "habari zilizotufikia". Kila sentensi waihoji kwa swali moja tu: umejuaje? Karatasi zilipokusanywa niliona jambo ambalo muhula mzima wa uongo haukunionyesha. Watoto walianza kuiona kazi iliyomo ndani ya habari ya kweli: mtu alikwenda, akauliza, akangoja, akaandika jina la aliyemwambia ili nawe ukitaka uende ukaulize.

Kisha wakaifanya kazi hiyo wenyewe. Mkuu wa shule alitoa tangazo la mgawo wa maji kwenye paredi asubuhi; mchana niliwataka waliandike kama habari, kila mtu peke yake. Saa zilitofautiana. Mabweni yalibadilika. Wengine walimwekea mkuu wa shule maneno ambayo hakuyasema, na walikuwa tayari kuapa. Wote walikuwepo, hakuna aliyekusudia kudanganya. Tukakaa kuijenga habari moja iliyo sahihi, ikatuchukua vipindi viwili na safari mbili za kwenda ofisini kuuliza. Tangu siku hiyo sijasikia tena darasani kwangu ile kauli ya "waandishi wote ni waongo".

Mwandishi wa redio ya hapa mjini alikubali kuja kutuzungumzia, kwa nauli yake mwenyewe. Aliwaeleza jinsi alivyowahi kukaa na habari ya ajali kwa saa kadhaa, kila mtu keshairusha, yeye akingoja hospitali ithibitishe idadi. Aliwaeleza pia mara aliyokosea, na jinsi walivyosoma masahihisho hewani siku iliyofuata. Nilimwomba hilo la pili kwa makusudi. Mwanafunzi anapaswa kujua kwamba chombo cha kuaminika nacho hukosea, ila kinakuwa na pa kurudi na kusema tulikosea. Ujumbe usio na mwenyewe hauna wa kuomba radhi.

Mwalimu wa historia alipoliona zoezi la penseli alisema, "Lakini hili mimi nalifundisha kidato cha kwanza." Kweli. Vyanzo vya historia, masimulizi ya mdomo, maandishi, mabaki ya kale, kila kimoja na ubora na udhaifu wake. Mwalimu wa Kiswahili naye ana uhakiki wa fasihi: nani anasimulia, kwa nini, kwa ajili ya nani. Niliona haya kwamba nilianza na bango lililotoka mbali wakati majirani zangu wa ofisi ya walimu walikuwa nayo zana hizi mikononi. Mkutubi anayetaka kuanza, aanzie kwao. Hupati upinzani wa vipindi, na watoto hawaoni wameongezewa mzigo mpya.

Na ni mwalimu wa historia aliyenipa wazo la mumiani. Bibi yangu mzaa mama, wa Pangani, alikuwa akitukataza kulisogelea gari la zimamoto: wakati wao iliaminika kwamba wazimamoto wananyonya watu damu ikatengenezewe dawa. Uvumi huo ulienea Afrika Mashariki tangu enzi za ukoloni, kabla ya simu janja yoyote. Niliwatuma wanafunzi likizo wakawaulize wazee wao: mlisikia nini, mlisikia kwa nani, mlifanyaje? Walirudi na madaftari yamejaa, mumiani, chinjachinja, popobawa, kila nyumba na lake. Mtu asiwacheke wazee hawa. Walikuwa wakitawaliwa na watu wasiowaeleza lolote, magari yenye king'ora yakipita usiku, hospitalini wakitolewa damu bila kuambiwa ya nini. Hofu yao ilikuwa na sababu hata kama habari yao haikuwa ya kweli. Wanafunzi wakaiona Noah nyeusi ndani ya hadithi za bibi zao, nami nikaelewa kwa nini bango langu halikuweza kuizuia usiku ule. Wasichana wanaoishi mbali na nyumbani wana hofu ya kweli. Mtu akitaka kuondoa uvumi bila kuigusa hofu, uvumi utarudi na gari la rangi nyingine.

Hilo limebadilisha pia namna ninavyowafundisha kuzungumza na ndugu zao. Ukimwambia shangazi mbele ya grupu la ukoo kwamba alichotuma ni uongo, umemvunjia heshima na hutamsikia tena. Tunafanya mazoezi ya kumwandikia pembeni: "Shikamoo shangazi. Nimeona ujumbe wako wa dawa. Nami nilishtuka. Nimeuliza, nimekuta Wizara ya Afya inasema hivi. Wewe uliupata kwa nani?" Watoto huandika kwa kalamu, tunasomeana, tunarekebisha maneno makali. Wengi wao ndio wasomaji pekee wa familia. Wakirudi nyumbani ndio wanaoshikishwa simu na kuambiwa soma hii.

Kwa wanaotaka mahali pepesi pa kuanzia, anzeni na mpira. Mwaka wangu wa kwanza niliingia moja kwa moja kwenye habari za siasa, nikaitwa ofisini, na nilistahili kuitwa: wanafunzi waliacha kuihoji habari wakaanza kuhojiana wao kwa wao. Dirisha la usajili linafundisha yale yale bila kumgombanisha mtu na mwalimu wake. Kila mtoto ana tetesi ya Simba, Yanga au Coastal Union yetu. Tuna daftari la tetesi maktaba: tarehe, nani kasema, kajuaje. Dirisha likifungwa tunalifungua na kuweka alama iliyotimia na isiyotimia. Baada ya misimu miwili wanafunzi wenyewe walianza kusema jina la chanzo kabla ya jina la mchezaji.

Gharama nizitaje, maana ndizo huwakwamisha watu. Kurudufisha karatasi hapa mjini ni shilingi 100 kwa ukurasa, na nilitumia fedha yangu kwa karibu mwaka mmoja kabla sijathubutu kuomba fungu, nilipoomba nilipewa. Ombeni mapema. Bando ni langu mwenyewe. Kuhakiki picha natumia simu yangu mbele yao, naitafuta picha yenyewe kwenye Google Lens waone ilikotokea mara ya kwanza, na ninawaonyesha ile mishale miwili ambayo WhatsApp huweka kwenye ujumbe uliosambazwa mara nyingi. Tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo huwezi kuusambaza ila kwa mtu au grupu moja kwa wakati. Mishale hiyo haimaanishi ni uongo. Inamaanisha aliyekutumia siye aliyeandika, na huenda hata hamjui aliyeandika. Kwa uhakiki uliofanywa kwa Kiswahili ninawaelekeza JamiiCheck na Nukta Fakti, tunasoma pamoja waliyoandika, na hao nao tunawauliza wamejuaje.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 naitaja katika kipindi kimoja tu. Kifungu cha 16 kinamlenga anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo kwa nia ya kupotosha, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Wapo wenzangu wanaoifanya hii kuwa somo zima. Nilijaribu. Mtoto aliyefundishwa kuogopa hunyamaza, na anayenyamaza haulizi, hata pale anapopaswa kumuuliza mwalimu wake.

Wiki iliyopita yule mama wa Handeni aliniandikia. Binti yake alishamaliza, lakini namba yangu bado anayo. Alinitumia picha ya barua kuhusu mbolea ya ruzuku, nembo ipo, muhuri upo, kumbukumbu namba na tarehe zipo juu mahali pake, na mwishoni namba ya simu ya kutumia fedha ya kujiandikisha. "Mwalimu, hii ni ya kweli? Kikundi kinataka kulipa kesho."

Ilikuwa saa tatu usiku. Nilijua ningeweza kumjibu chochote naye angekipokea. Nikamwandikia: "Mama, bado sijui. Wasilipe kwanza. Asubuhi nendeni kwa afisa kilimo wa kata mkamuonyeshe, nami nitauliza huku." Akaandika, "Sawa mwalimu." Baada ya dakika chache ujumbe mwingine ukaingia: "Na wewe huko utamuuliza nani?"